Mashua Iliyojaa Maji Nchi Kavu

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, ndipo tuendelee. Nimechekwa na watu wenye vyeo kuliko wewe. Nimechekwa na wakubwa wangu wa kazi, nimechekwa na mchungaji, nimechekwa na mke wangu mwenyewe, ambaye anajua kuliko wote kwamba sina kipaji cha kutunga uongo mzuri. Haya yalinipata mimi, kwa macho haya na kwa mkono huu wa kulia, saa saba mchana, jua likiwa utosini, kwenye ufuko wa mawe upande wa Ilemela. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na njaa, nakubali, lakini tangu lini njaa ikajaza maji viatuni?

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu juzijuzi, nikapangiwa kuwa afisa maendeleo katika kijiji kimoja cha upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Mimi ni mtoto wa Bukoba, wa nyumba ya Kilutheri yenye rafu ya vitabu sebuleni na migomba hadi dirishani. Nilikulia mlimani. Sikujua kuogelea, na hilo sikumwambia mtu. Watu wa kwetu tunaweza kukiri dhambi mbele ya kanisa zima, lakini si ujinga.

Kijiji kilihitaji mashua, na aliyeihitaji zaidi ya wote alikuwa Nesi Nyanzala, mkunga wa zahanati yetu. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Ukerewe, mfupi, mwenye mikono kama ya mtu anayepasua kuni. Mvua kubwa zikianza, barabara ya kwenda hospitali ilikatika mtoni, na mwanamke aliyeshindwa kujifungua hakuwa na njia nyingine. Kwa maji ingekuwa nusu siku tu. Masika yaliyopita wanawake wawili walimfia mikononi wakisubiri mto upungue. Tangu hapo, kila mkutano wa kijiji aliinuka akasema sentensi moja: "Sitaki hotuba, nataka chombo." Kisha akakaa.

Basi habari zikaja kwamba upande wa Mwanza kuna mashua kuukuu inauzwa. Mkutano wa kijiji uliitishwa, ikajadiliwa kwa saa tatu, na ikapitishwa kwa kauli moja kwamba mashua ile ni nzima. Sikiliza vizuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona. Lakini mikono ilinyooshwa, katibu akaandika, na kuanzia siku ile uzima wa mashua ulikuwa msimamo wa wananchi. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Nilikuwa mbele kabisa.

Tulivuka watu watatu kwa kivuko: Mwenyekiti Maduhu, Nesi Nyanzala, na mimi. Mwenyekiti alikuwa Msukuma mrefu, mcheshi, mfugaji wa ng'ombe ambaye naye alilijua ziwa kama mahali pa kunyweshea. Yeye alibeba mhuri wa kijiji. Mimi nilibeba fomu ya ukaguzi, kwa kuwa bila saini ya afisa, ununuzi haukuwa halali, na nilibeba pia maswali kumi na moja niliyokuwa nimeyanakili katika maktaba ya Chuo Kikuu kutoka kitabu cha kigeni kuhusu vyombo vya majini. Nilikuwa nimevaa raizoni, vile viatu vya kisigino kinene. Kukagua mashua kwa raizoni! Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, na niliamini kwamba mtu akiwa na orodha hawezi kudanganywa.

Muuzaji aliitwa Masatu. Alitupokea vizuri, akatushika mikono kwa mikono miwili, akamwita Nesi "dada", akaniita mimi "msomi" bila kejeli, jambo ambalo lilinifanya nimpende papo hapo. Mashua ilikuwa juu ya magogo kati ya mawe mawili makubwa, hatua thelathini kutoka majini. Ilipakwa rangi ya kijani mpya kabisa, na ubavuni iliandikwa kwa njano: KAZI KWANZA.

"Hii ni mashua yenye siasa safi," alisema Mwenyekiti, akaipigapiga kama ng'ombe wa mnadani. "Afisa, ungekuja na ndizi zako tukaipakie."

"Ndizi hazihitaji mashua, Mwenyekiti. Ng'ombe zako ndio wasiojua kuogelea."

"Ng'ombe anajua kuogelea. Asiyejua ni Mhaya."

Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili.

Masatu alisema chakula kiko tayari kwake, sato na ugali, twende tukale ndipo tukague. Nikakataa. Nikasema afisa hali chakula cha muuzaji kabla ya kutia saini, kauli ambayo leo ikinijia nafumba macho kwa aibu. Mwenyekiti akasema, "Basi sisi tutakula na chako." Nesi Nyanzala alitaka kubaki, lakini Masatu akamsihi sana, na kukataa chakula mara mbili ni kumtukana mtu. Wakapanda njia ya mawe. Nikabaki peke yangu na orodha yangu.

Nitakueleza nilichofanya, kwa sababu sehemu yake ilikuwa sahihi na inaweza kukufaa. Niliinama nikatazama mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, kama umepinda. Haukupinda. Nilichukua kisu nikachoma mbao kila hatua moja, maana ubao mzima hukikataa kisu na uliooza hukikaribisha. Zilikikataa, nyingi. Nyingine zilikipokea kidogo, nikajiambia ni ulaini wa rangi mpya. Niligonga kwa jiwe nikasikiliza: ubao mzima hulia, mbovu hunyamaza kama gunia. Upande wa kushoto kuelekea nyuma, ubao wa tatu kutoka chini, ulinyamaza. Nikagonga tena kwa nguvu, nikajiambia umelia. Mtu akishanyoosha mkono mkutanoni, masikio yake hayawi yake tena.

Halafu nikanusa, kwa sababu swali la saba lilisema unuse. Mashua ilinukia sabuni. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha mche, na wapo waliooga kwa majani ya mpapai. Mashua inayonukia sabuni! Nikaandika kwenye fomu: "Usafi: mzuri sana."

Hayo yote niliyafanya kwa nje. Ilibaki ndani. Nikavuka ukingo, raizoni na yote, na nilipoinua uso nikakuta kuna mtu.

Alikuwa amekaa sakafuni karibu na nyuma, magoti yamekunjwa, suruali imepandishwa, mgongo wake umenielekea kidogo. Mwanamume wa umri wangu, pengine mkubwa kwa miaka mitano. Mkononi alikuwa na kata ya kibuyu kilichopasuliwa nusu, na alikuwa akikumba maji: anachota sakafuni, anamwaga nje, anachota, anamwaga. Mwendo uleule, bila kuharakisha. Kila alipomwaga nilisikia maji yakianguka, chwaa. Nikachungulia nje. Mchanga ulikuwa mkavu kama unga.

Nilifanya nini? Nilimsalimu. Mnafikiri ningekimbia? Mtu aliyelelewa hakimbii kabla ya salamu. Niliwaza ni kibarua wa Masatu anayesafisha, na hiyo ndiyo sababu ya sabuni. Unaona akili ya shahada inavyofanya kazi? Ina jibu kwa kila kitu, na jibu linakuja haraka.

"Habari za kazi, ndugu," nikasema.

"Ni hii."

"Unakumba nini? Chombo ni kikavu."

"Ni kikavu kwa sababu nakumba."

Nikalipima jibu lile kama swali la orodha. Nililitafutia kasoro, sikuipata. Akachota, akamwaga. Chwaa. Nikaona kwamba shati lake limemganda mgongoni, na maji yanamtiririka kutoka viwikoni, na juani pale, kwenye joto lile, alikuwa akitetemeka kama mtu aliyekesha na baridi.

"Muda mrefu?" nikamuuliza.

"Tangu Ukerewe." Kisha akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na uso wa kutisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, basi. Nimekutana na nyuso kama huo kwenye foleni za sukari. Akaninyooshea kata. "Pokea kidogo, mwenzangu. Mkono umekwisha."

Nikapokea.

Niamini, sikufikiri. Mtu mchovu anakunyooshea kitu, unanyoosha mkono. Kata ilikuwa ya baridi na nzito kuliko kibuyu. Yule mtu akasimama, akashika kiuno, akajinyoosha hadi nikasikia mifupa ikialika. Akasema, "Ahsante." Akavuka ukingo, akatembea juu ya mawe kuelekea barabarani kama mtu aliyetoka zamu ya kiwandani, na kila alipokanyaga alibakiza unyayo wa maji juu ya jiwe la moto. Nyayo zilikauka moja baada ya nyingine, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya mwisho ilipokauka hakukuwa na mtu njiani.

Nikataka kuiweka kata chini. Mkono wangu ukachota.

Nikaukataza. Ukamwaga. Chwaa. Ukachota tena. Na hapo nikayahisi maji. Sikuyaona, naapa kwa nafsi yangu sikuyaona. Sakafu mbele yangu ilikuwa mbao za kijani na vumbi. Lakini yalikuwa kwenye vifundo vyangu vya miguu, ya baridi, yanapanda. Niliyahisi yanakotoka pia: yalikuwa yakisukuma kwa nguvu kwenye mguu wa kushoto, kutoka ubao wa tatu, ule niliougonga mara mbili ili ulie. Nilipopunguza mwendo yalifika kwenye mashavu ya miguu. Nilipoharakisha yalishuka. Soksi zilikuwa zimelowa. Nikaelewa kwa mwili mzima, kabla kichwa hakijaelewa, kwamba nikiacha nitazama, pale juu ya magogo, hatua thelathini kutoka ziwani. Na sijui kuogelea.

Nilikumba. Kwa muda gani, sijui. Muda wa watu kula sato watatu na kunywa maji.

Walirudi na vijiti vya meno midomoni. Mwenyekiti ndiye aliyeniona kwanza. Alisimama, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Afisa. Unafanya nini?"

"Nakumba maji."

Akacheka hadi akashika jiwe. "Wasomi! Nesi, njoo uone. Wasomi wamefika mahali wanakumba maji mchangani! Kwenye hicho kitabu chako ni swali la ngapi?"

Baadaye waliniambia kwamba mkononi mwangu hawakuona kitu. Waliona mtu mzima mwenye raizoni, amechuchumaa kwenye mashua kavu, anachota hewa na kuimwaga nje, jasho linamtoka, midomo imekauka. Ningekuwa mimi ningecheka zaidi ya Mwenyekiti.

Masatu hakucheka. Alirudi nyuma hatua mbili, halafu ya tatu, na kijiti kikamtoka mdomoni.

"Mwambieni akiweke chini," akasema.

"Aweke chini nini?" Mwenyekiti akauliza. "Hana kitu."

Nesi Nyanzala alikuwa amesogea karibu kabisa na ukingo. Mkono wangu ukamwaga, na akashtuka, akajishika shavu. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimelowa. Akavilamba, kama mkunga anayejua kuna mambo yanayojulikana kwa ulimi tu.

"Maji ya ziwa," akasema polepole. Kisha akaniuliza kwa sauti ya wodini, ile isiyotaka hadithi: "Nani kakupa?"

"Mtu alikuwa hapa. Kasema nimpokee kidogo."

"Umempokea?"

"Alikuwa amechoka, mama."

Hapo akanieleza, kwa maneno machache, jambo ambalo kila mtoto wa Ukerewe analijua na kitabu changu hakikulijua. Chombo kikiingia maji, mtu mmoja anakumba na wengine wanapiga makasia. Akichoka anasema pokea. Aliye karibu naye anapokea. Haulizi kwa muda gani, hasemi si zamu yangu, hata kama ni adui yake, hata kama ni bwana na yule ni kibarua wake. Ugomvi wote unaweza kusubiri nchi kavu, ila huo hausubiri. Na aliyepokea hawezi kuacha mpaka naye apokewe.

Alipomaliza akapandisha gauni, akaweka mguu ukingoni, akaninyooshea mkono wake mpana. "Lete. Nakupokea."

Nataka ujue nilivyo, nisijifanye shujaa. Nilitaka kumpa. Mkono uliniwaka moto hadi begani, maji yalikuwa kwenye magoti, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kulisema lile neno, pokea. Nilimwona yule mama akinisubiri bila woga. Nikawaona, sijui kwa nini, wanawake wa kijiji chetu wenye matumbo makubwa, ambao mvua zingewakuta wakiwa na afisa maendeleo mwenye shahada na hawana mkunga. Nikakasirika. Ndiyo, nilikasirika, hasira safi, ya kwanza ya kweli tangu nizaliwe. Nilimkasirikia Masatu, nikaikasirikia fomu, nikaukasirikia mkono wangu ulionyooka mkutanoni, na hayo maji yaliyodhani kila mtu lazima atampa mwenzake.

"Sikupi," nikasema.

"Afisa, utakufa."

"Sikupi, mama! Chukua jiwe. Toboa hapo, kushoto, ubao wa tatu. Maji yakipata pa kutokea hakuna wa kuyakumba."

"Asiguse mtu mashua yangu!" Masatu akapiga kelele. "Mkiitoboa mmeinunua!"

"Afisa, hiyo ni mali," Mwenyekiti naye akasema, sasa kicheko kimemkauka. "Mkutano umeshapitisha kwamba ni nzima. Wewe ni nani upinge mkutano?"

Nikamjibu jibu ambalo baadaye liliandikwa kwenye barua ya kunionya: "Mkutano haujalowa miguu!"

Kulikuwa na jiwe la nanga pale chini, limefungwa kamba. Nesi Nyanzala aliliinua kwa mikono miwili. Masatu akamshika bega, na Mwenyekiti, Mungu ambariki mfugaji yule, akamshika Masatu mkono na kumwambia kwa upole, "Dada huyu usimguse." Jiwe likashuka. Mara ya kwanza rangi ilipasuka. Mara ya pili ubao ulizama ndani kama muhogo uliochemka, bila hata kutoa mlio.

Kilichotoka kwanza kilikuwa sabuni. Sabuni ya mche, vipande kwa vipande, imekandwa na pamba na lami na kushindiliwa kwenye ufa mrefu kama mkono wangu, kisha ikapakwa rangi. Hiyo ndiyo hila yenyewe, na sasa unaijua: sabuni iliyoshindiliwa ikilowa huvimba, huzuia maji saa moja, saa mbili, muda wa kutosha mnunuzi azungushwe karibu na ufuko na kutabasamu. Saa ya tatu inaanza kuyeyuka, na saa ya tatu ndipo unapokuwa katikati ya ghuba.

Halafu yakatoka maji.

Yalitoka kwenye lile tundu, maji mengi, yenye harufu ya magugu na dagaa, yakamwagika juu ya mchanga, yakamlowesha Nesi miguu, yakateremka hatua thelathini zote hadi ziwani. Yalitoka kwa muda wa kusonga ugali. Watu watatu waliyaona pamoja nami. Mwenyekiti Maduhu baadaye alisema yalikuwa maji ya mvua yaliyotuama ndani. Mvua! Kilikuwa kiangazi kikali, hata mbuzi walikuwa wanalamba mawe.

Maji yalipokwisha, mkono wangu ulisimama. Niliutazama. Ulikuwa wazi.

Masatu alikuwa ameketi juu ya mwamba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alijisemea mwenyewe.

"Alikuwa kibarua, yule aliyezama. Tulimchukua Ukerewe asubuhi ya safari, hata jina sikumuuliza. Tulisema atakumba, sisi tutapiga makasia. Mashua ilikuwa imechoka tangu zamani. Akasema pokea. Akasema tena. Mara ya tatu alinitazama mimi."

"Na wewe?" Nesi akauliza.

"Nilikuwa nimechoka."

Nesi Nyanzala akateremsha gauni lake. "Tuliookoka nasi tulichoka," akasema, ingawa hakuwamo ndani ya chombo kile. Sikumwelewa wakati ule. Baadaye nilifahamu kwamba nusu yake imezikwa ziwani: baba yake na kaka zake wawili walizama huko.

Masatu hakudai kitu. Tulimwacha pale na mashua yake yenye tundu, akitazama majini.

Sasa mambo ya ofisi. Ilibidi niandike taarifa. Ningeweza kuandika "imeoza", neno moja, na kila mtu angeridhika. Badala yake niliandika hivi: "Mashua imekaguliwa, haifai. Imejaa maji. Aliyekuwa akiyakumba aliomba kupumzika, nami nimempokea." Nikatia saini na tarehe.

Niliitwa wilayani. Mkubwa mmoja, mtu mwema kabisa, alivua miwani. "Ndugu, chombo kilicho nchi kavu kinajaaje maji?"

"Nenda ukamuulize aliyekuwa akiyakumba."

"Futa mstari huu. Andika imeoza. Nakushauri kama mdogo wangu."

"Imeoza pia. Lakini sifuti."

Aliona ni kiburi. Ni kiburi, sawa. Lakini mtu yule hakuwa na kaburi, hakuwa na jina ninalolijua, na wenzake walimwona akichoka wakageuza nyuso. Nilidhani anastahili angalau mstari mmoja kwenye faili la serikali. Nikahamishiwa wilaya kame ambako maji ya karibu yalikuwa kisimani, kina cha mita arobaini. Nafikiri walikusudia utani. Faili lipo bado, kama panya hawajalila, na mstari upo.

Na mashua je? Kabla sijaondoka, Nesi Nyanzala alirudi Mwanza na Mwenyekiti, bila afisa na bila orodha. Akaikuta moja Mkuyuni, mbaya kwa sura, haina rangi hata tone, viraka vyote vinaonekana kama kovu usoni. Akaisukuma majini alfajiri, akaifunga, akamwingiza mwenye mashua ndani pamoja naye na vitafunwa, akasema hakuna kushuka mpaka adhuhuri na hakuna kukumba. Wakakaa. Sakafuni ikaingia kata moja ya maji, basi. Akainunua. Masika yalipofika aliniandikia barua fupi: wameshavusha mama watatu, wote wamerudi wawili wawili, na mmoja wao alijifungua mtoto wa kiume aliyepewa jina la Mwenyekiti, kwa bahati mbaya.

Mimi mkono wangu haukupona, ukitaka kuuita ugonjwa. Mahali penye hila iliyopakwa rangi, unaanza. Vikaoni, mtu akisoma taarifa kwamba kila kitu kimetekelezwa kwa asilimia mia, mkono huu unashuka chini ya meza na kuchota. Wenzangu walidhani nafukuza nzi. Na nilipofikiri sana nikagundua jambo: zamu ile hakuna aliyenipokea. Nilimkatalia Nesi, na tangu hapo sijamwambia mtu yeyote lile neno. Bado ni yangu. Sitamwachia mtu.

Sasa ninaishi Mwanza, na Jumamosi nashuka mwaloni, kwenye gati la wavuvi wanakouza vyombo. Nikiona mashua kuukuu yenye rangi mpya na mnunuzi anayetabasamu, naingia ndani bila kukaribishwa, nakaa nyuma, nauachia mkono. Ukitulia, nashuka na kuomba radhi. Ukianza kuchota, namwambia mnunuzi mbele ya muuzaji, kwa sauti. Wauzaji wananiita mwehu. Wawili wameniapia kwamba nikikanyaga tena pale watanitupa majini, na wamekwisha kujua kwamba siogelei. Jumamosi hii nitakwenda.

Wewe ambaye huna mkono kama huu, fanya hivi. Usinunue rangi. Choma kwa kisu, na mahali kilipopokelewa usijidanganye. Nusa. Kaa majini na muuzaji nusu siku bila kukumba. Kisha, mtazame machoni umuulize ni nani aliyekumba safari ya mwisho na ni nani aliyempokea. Akikupa majina mawili bila kufikiri, toa fedha zako. Akitazama majini, ondoka. Usile chakula chake, na usiingie kwenye chombo hicho hata kwa kupima. Kwa sababu ukimkuta mtu ndani, na akakunyooshea kata, utapokea tu. Utapokea kwa sababu umelelewa vizuri.